Mtu wa Jumanne

Zahanati, 4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe na wenzako karakanani hamjambo. Huku sote wazima, isipokuwa masikio.

Naandika kuhusu pikipiki, na sitaki uone kwamba sina shukrani. Wale wapimaji wa barabara walipoitelekeza hapa, ni wewe uliyeifungua nati kwa nati na kuifunga upya. Bila wewe ingekuwa kiota cha kuku hadi leo. Siku hizi gari halipiti kivukoni, na pikipiki ndogo haiwezi kunibeba mimi, sanduku la dawa na mama mwenye uchungu mpaka juu ya yale mawe. Hii inaweza. Ni nzito, ni ndefu, miguu yangu inagusa chini kwa ncha za vidole tu, lakini inapanda. Shida yake ni mdomo.

Bonde la ng'ambo limekaa kama bakuli. Nikianza kuteremka, hakuna asiyesikia. Na hawasikii tu, wanafuatilia. Nikipunguza gia wanajua nimefika kwa msaga nafaka. Nikizima injini baada ya daraja la magogo wanajua niko katika moja ya nyumba tatu, na kufika jioni wameshaamua ni ipi na anaumwa nini. Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama mzee mmoja jino, kesho yake watu wakampelekea pole ya kansa.

Sasa kuna mama mmoja, mshonaji. Alikuja hapa zahanati kwa kisingizio cha kupima mapazia. Akayapima kweli, halafu akafunga mlango, akaniambia ana mimba ya miezi minne na ushee. Ni ya nne. Tatu za kwanza ziliharibika, na kila mara bonde zima lilikuwa linajua, likaja na hongera, kisha likarudi na pole. Anasema pole ndizo zilizommaliza. Safari hii anayejua ni mumewe peke yake, na anajishonea magauni mapana. Presha yake hainipendezi hata kidogo. Nahitaji kumpima kila wiki kwake nyumbani, maana hawezi kuja huku kila wiki bila watu kuuliza ni mapazia gani hayo yasiyokwisha. Lakini amenikataza: "Dada mkunga, hilo lipikipiki lako likisimama kwangu hata mara moja, basi. Afadhali nibaki na presha yangu."

Nilijaribu kuliacha juu kileleni nishuke kwa miguu. Watu waliposikia injini imekatika mahali pasipo na nyumba, wakajua nimeanguka. Nilikutana nao njiani, wanaume kumi na mmoja wenye kamba, na mmoja kabeba mlango wa kunilaza. Juma lililofuata nikazima injini juu na kuteremka kwa mserereko. Nilifika kona ya pili. Kilo mia mbili na arobaini, Mjomba, kwenye kokoto, bila injini. Wale wale kumi na mmoja ndio walioliinua.

Nitengenezee bomba la moshi lisilopiga kelele. Nakuomba sana. Na hii habari ya mshonaji usimwambie mtu, hata Mama.

Mpwa wako,
Mkunga

*

Karakana, 17 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka oili, dereva wa lori kaifunga pamoja na shokomzoba ya mtu. Nimeisoma mara mbili. Ile ya mlango nimecheka. Ile ya mserereko sikucheka. Usizime injini mteremkoni tena, tafadhali. Hilo ni ombi, na kama ombi halitoshi, ni amri.

Pikipiki kama hiyo mimi naiita Mama Mkwe. Ukiiheshimu itakubeba mpaka uzeeni, ukijifanya umeizoea itakuaibisha mbele ya watu. Sasa sikiliza. Kwenye kokoto na mchanga punguza upepo wa tairi, mpaka ukilikandamiza kwa goti libonyee kidogo. Simama kwenye vikanyagio, magoti yakumbatie tangi, mikono ilegee. Acha usukani ucheze, utajirudi wenyewe. Usiliangalie jiwe unaloliogopa, maana pikipiki huenda yaliko macho. Na mchangani ukihisi inazama usiachie mafuta, hapo ndipo inapokulaza.

Kuhusu bomba, subiri kidogo. Injini kubwa inahitaji kupumua. Ukiiziba, nguvu ya chini inapungua, nawe huko kwenye mawe nguvu ya chini ndiyo unayoitaka. Halafu bomba la aina hiyo halipatikani kirahisi. Halafu mvua ndizo hizo zinakuja, si wakati wa kufungua fungua mambo.

Wewe endesha kwa kelele tu, mwanangu. Hata ng'ombe hupisha.

Mjomba wako,
Fundi

*

Zahanati, 30 Machi

Mjomba,

Shikamoo.

Dereva wa lori aliwahi kuwabebea mizigo wale wapimaji. Nilipomlalamikia kelele akashangaa. Akasema pikipiki hii ilipokuja huku ilikuwa kimya, walikuwa wakiwashtua watu kwa nyuma.

Nimelala chini yake na kioo cha kujitazamia. Bomba limepasuliwa kwa ubavu wa ndani, mahali pasipoonekana, likachomelewa tena. Na mchomeleaji namjua. Likizo zangu zote za shule nimezimalizia karakanani kwako, Mjomba. Mshono wako unalalia kushoto kwa sababu ya kile kidole kigumu. Ningeutambua hata kwa kupapasa.

Kwa hiyo kelele hizi ulizitia makusudi, halafu ukaniandikia habari za injini kupumua.

Mshonaji alikuja juzi kurudisha mapazia. Miguu imeanza kuvimba. Nilimsihi tena, akanijibu yale yale. Niambie kwa nini, na usinipe somo la tairi.

Mkunga

*

Karakana, 13 Aprili

Mpwa wangu,

Ni kweli. Nililikata, nikatoa vyuma vya ndani na sufi yote ya kumeza mlio, nikalifunga tupu. Niliapa sitakwambia. Leo navunja kiapo, na aliyeniapisha ni mama yako.

Unajua baba yako alivyokufa, kwamba lori lilipinduka kivukoni. Huenda hujui kwamba mama yako alikuwa nyumbani pale juu, uani, anachambua maharage, na hakusikia kitu. Baba yako alikuwa amezima injini ateremke kwa mserereko, kuokoa dizeli, kama walivyofanya madereva wote siku zile. Lori likaingia mtoni kimya kimya. Mama yako alikaa siku mbili akidhani mumewe bado yuko mjini. Amekuwa akiniambia miaka yote hii: kama ningeisikia injini ikiingia mtoni, na nisiisikie ikitoka, ningekimbia.

Sasa unaelewa kwa nini uliponiandikia umezima injini ukaserereka, sikucheka.

Ulipokabidhiwa pikipiki, alikuja mwenyewe hapa karakanani, na unajua asivyopenda safari. Akasema: "Ifanye niisikie." Hakutaka ujue, alijua utamwambia wewe ni mtu mzima. Kwa hiyo kila ukienda ng'ambo yeye yuko uani anakusindikiza kwa masikio. Gia ya kwanza, umeingia mtoni. Mlio unapanda, umetoka. Ndipo anarudi kwenye kazi yake.

Nimekaa na jambo hili siku nne. Siwezi kumnyima mama yako, na siwezi kumnyima mshonaji wako. Basi fungua kifurushi. Hicho kipande cha bomba chenye matundu, nilichokizungushia sufi ya chuma, ni kizibo. Kinaingia kwenye mdomo wa bomba na kushikwa na bolti moja, spana namba kumi. Vuka mto kwa kelele. Panda kwa kelele. Kabla ya kileleni, upande wa huku, kuna lile jiwe kubwa la kupumzikia. Hapo bonde halikusikii bado. Zima, weka kizibo, washa, teremka kwa gia ya juu bila papara. Itanung'unika tu. Ukirudi, kitoe pale pale.

Bomba litakuwa moto, tumia kitambaa kinene. Na Mama asijue kwamba nimekwambia.

Nisamehe, mwanangu.

Mjomba wako

*

Nyumbani, 11 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, mgongo ndio ule ule.

Nina jambo, na wewe ndiye ndugu yangu pekee mwenye akili za kiume zinazofaa kuulizwa. Mpwa wako ana mtu.

Usicheke. Kila Jumanne, siku ya soko, anavuka mto vizuri, anapanda vizuri, nasikia. Akifika pale kwenye jiwe kubwa, anazima. Kimya. Baada ya saa mbili, wakati mwingine mbili na nusu, injini inawaka pale pale kwenye jiwe na anarudi. Siku nyingine zote anapita moja kwa moja, namsikia mpaka anapotelea bondeni. Jumanne tu ndiyo anaishia kwenye jiwe. Pale hakuna nyumba, hakuna mgonjwa. Nani anaishi juu ya jiwe?

Nimemuuliza alipopita hapa kunywa chai. Nikasema kwa utaratibu, mwanangu, Jumanne unakwendaga wapi? Akasema kazini. Kazini! Na kidole kina lengelenge la moto. Huyo mtu hata kuni hajui kuwasha, anamtuma mwanangu.

Simkatazi kuolewa, umri umefika na umepita kidogo. Lakini mwanamume asiyeweza kuja mlangoni kwangu, anayekutana na binti wa watu kwenye jiwe kama mwizi wa mbuzi, huyo ana mke mahali. Wewe hukuambiwa chochote? Alikuwa anakwambia wewe mambo yote.

Dada yako

*

Karakana, 24 Mei

Dada,

Shikamoo. Ondoa shaka kabisa. Hiyo ni plagi. Pikipiki kubwa ikipanda juu hewa inakuwa nyepesi, plagi inakosa moto, injini inakatika. Lazima ipumzike saa mbili ndipo iwake. Mambo ya kawaida. Nitatuma plagi mpya.

Mdogo wako

*

Zahanati, 8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nilikusamehe siku ile ile niliyosoma barua, ila nilikuacha kidogo ujute.

Kizibo kinafanya kazi kuliko ulivyosema. Jumanne ya kwanza nilipita nyuma ya nyumba ya msaga nafaka, mkewe anafua, hakugeuka. Mshonaji aliponikuta uani kwake alidhani nimekuja kwa miguu. Aliizunguka pikipiki, akaishika tangi, akasema, "Kumbe ukimfunza adabu anajifunza." Mumewe ni mwashi, sasa kila nikifika anaanika shuka uani mpaka pikipiki haionekani. Shuka zile zile kavu, kila wiki. Alipoona lengelenge langu mshonaji akatoa kipande cha ngozi nene, akanishonea glavu ya vidole vitatu. Inanikaa kama niliyozaliwa nayo.

Lakini Mjomba, naogopa. Presha inapanda. Jumanne iliyopita ilikuwa mia na arobaini na tano kwa tisini na tano. Nimempa dawa na nimemwambia alale kwa ubavu. Nilimwomba aje akae hapa zahanati mpaka siku zake zifike. Akauliza, "Nikikaa kwako mwezi, nitawaambia napima nini?" Kwa hiyo kuanzia wiki hii nitakwenda na Ijumaa pia.

Ameshona vinguo vya mtoto vya bonde zima miaka kumi. Nilimuuliza kama ameandaa vya wake. Akafungua droo ya cherehani, mna kofia moja tu, haina kamba. Akasema kamba ataiweka akishamwona mwenye kichwa.

Mama ananinunia. Nikipita ananipa chai na hazungumzi. Sijui nimemkosea nini.

Mpwa wako

*

Nyumbani, 15 Juni

Mdogo wangu,

Plagi, eti. Mlima wenyewe mbuzi mwenye mimba anaupanda huku anatafuna. Wewe tangu utotoni ukidanganya unatumia maneno machache, na barua yako ilikuwa mistari minne. Sasa ni Jumanne na Ijumaa. Mambo yameiva.

Dada yako

*

Karakana, 27 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako anadhani una mwanamume kwenye jiwe. Ndiyo sababu ya kununa. Nilimdanganya habari za plagi, akanitukana kwa adabu. Ukimwambia ukweli hasira yote itaisha siku hiyo hiyo, lakini siri si yako wala si yangu. Nakuachia uamue.

Dereva anasema mvua imeshika huko na mto umepanda. Mama Mkwe ataweza. Uzito wake uliokusumbua kwenye kokoto ndio utakaokusaidia majini, pikipiki nyepesi maji yangeichukua. Ingia juu kidogo ya pale unapotaka kutokea. Gia ya kwanza, mafuta kidogo na yasibadilike, klachi usiiguse. Chagua kitu kilichosimama ng'ambo ukitazame hicho, maji usiyatazame, yatakuhamisha akili. Likikuteleza gurudumu la nyuma usifanye chochote. Najua ni vigumu kutofanya chochote. Fanya hivyo hivyo.

Maji yakipita kitovu cha gurudumu, rudi. Nakuomba. Nimeshachimba kaburi moja la mtu wa mto ule.

Mjomba wako

*

Bondeni, 10 Julai

Mjomba,

Ni msichana. Kilo tatu kamili. Mama na mtoto wazima. Nimeanza na hayo kwa sababu najua unasoma umesimama.

Jana Ijumaa, saa nne asubuhi, mwashi alifika zahanati kalowa mpaka kifuani. Uchungu ulikuwa umeanza, wiki mbili kabla. Mtoni maji yalikuwa yamepita kitovu cha gurudumu, nakwambia ukweli, na sikurudi. Nilichagua jiwe jeupe la ng'ambo. Gia ya kwanza, nimesimama, mwashi nyuma amenishika kama mtoto. Katikati gurudumu la nyuma likaenda upande. Sikufanya chochote. Likarudi. Tulipotoka mwashi alikuwa bado amefumba macho.

Huko juu nilimwona Mama amesimama ukingoni mwa ua. Sikuweza hata kumpungia mkono.

Kwenye jiwe nilitaka nipite tu. Nilijua presha itakuwa imepanda, na dakika mbili ni dakika mbili. Mwashi alinitazama tu. Nikafikiri, kama na mtoto huyu hataishi, na nimeingia kwa kelele, bonde litakuwa mlangoni kabla sijanawa mikono. Nilimwahidi. Nikashuka, nikavaa glavu, kizibo, bolti, spana. Nikaendelea.

Alizaliwa saa tisa alasiri. Hakulia. Nilimvuta kamasi, nikamsugua mgongo, nikamsugua tena. Mshonaji alikuwa anatazama dari. Mjomba, nimezalisha wengi lakini sijawahi kumwomba mtoto kama nilivyomwomba yule. Halafu akalia, tena kwa hasira. Mwashi huko nje alikaa juu ya ndoo, ikapinduka naye, akabaki hapo hapo chini.

Nililala hapo. Leo asubuhi presha imeshuka, mtoto ananyonya. Mshonaji ameketi kitandani anashona kamba ya kofia. Akaniuliza bila kuinua uso:

"Kile kizibo chako kinatoka?"

"Kinatoka."

"Kitoe. Halafu pita bonde zima, mpaka kwa msaga nafaka na kurudi. Polepole. Halafu uje uzime hapa mlangoni kwangu, si nyuma kwenye shuka."

Nikamuuliza nipite mara ngapi.

"Wamenipa pole mara tatu," akasema. "Pita mara tatu."

Spana ninayo mkononi. Barua nitaimaliza nikirudi.

Nimerudi. Uani hapatoshi. Wale kumi na mmoja wote wapo, na wamekuja na kamba.

Mpwa wako,
Mkunga

*

Nyumbani, 21 Julai

Mdogo wangu,

Kaa chini nikueleze, maana nimejidhalilisha na afadhali uyasikie kwangu.

Siku ile ya mto kujaa nilimsikia akiingia majini. Nikasimama. Ule mlio ulikaa mtoni muda mrefu, halafu ukapinda kidogo, nikashika mti wa ua. Kisha ukapanda, ukatoka. Nikamshukuru Mungu na hapo hapo nikakasirika, kwamba anavuka maji kama yale kwa ajili ya mwanamume. Na kweli, kwenye jiwe akazima.

Siku ya pili yake, asubuhi, nasikia injini bondeni. Kelele zote. Inakwenda, inarudi. Inakwenda, inarudi. Mara tatu. Na watu wanashangilia, upepo unaleta. Nikasema basi, posa imekubaliwa, na mimi mama mzazi nimeambiwa na pikipiki.

Jumamosi iliyopita, mto umeshapungua, nikaisikia inarudi. Siku hizi naijua hata uzito wake, nikatambua imebeba watu wawili. Nikajua leo ndiyo leo, anamleta. Nikavaa lile gauni la buluu. Nikapanga maneno yangu. Yalikuwa machache na makali, nikayarudia mara mbili mbele ya kioo.

Ikaingia uani. Nyuma yake ameshuka mwanamke, mshonaji wa bonde la ng'ambo, yule yule aliyenishonea hilo gauni. Ana furushi kifuani. Mwanangu akavua kofia ya chuma, akasema, "Mama, Mjomba kaniambia unamtafuta mtu wangu wa Jumanne. Ndiye huyu." Akafunua kitambaa. Kichwa kidogo, kofia ya kamba nyeupe, amelala.

Maneno yote niliyoyapanga yakanipotea. Nikapata moja tu. Nikauliza, "Na wa Ijumaa?"

"Ni huyu huyu," akasema.

Mshonaji akanieleza yote. Zile tatu nilizijua, mdogo wangu. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliompelekea pole, mara zote tatu, na ya tatu nilikaa kwake siku nzima nikidhani namsaidia. Nimemwomba msamaha. Akaniambia nisimame nigeuke, gauni linanipwaya mabegani, nimekonda kwa mawazo ya bure. Nilicheka, halafu nikalia, halafu akanipa mtoto nimshike ili ninyamaze.

Miezi miwili nimemnunia binti yangu mezani kwangu mwenyewe, akanywa chai yangu na hakufungua mdomo. Wewe unajua nilivyokuwa nasema hana msimamo. Nimeacha kusema.

Wakati wa kuondoka alinionyesha hicho kizibo chako. Akasema, "Mama, ameshakuja mwingine anayetaka nifike kwa siri. Nitaendelea kukitumia." Akanitazama kwa namna iliyonijulisha kwamba anajua nilichokuomba, kwa hiyo mdomo wako nao tutauzungumza siku nyingine. Nikamwambia, mtoni piga kelele, hiyo ni haki yangu mimi mama yako. Ukishafika kwenye jiwe, fanya kazi yako.

Jana ilikuwa Jumanne. Iliingia mtoni, ikatoka, ikapanda, ikafika kwenye jiwe, ikanyamaza. Nikajua kuna mtu anamsubiri, na kumjua si kazi yangu. Niliendelea kuchambua maharage.

Dada yako